Mwelimishaji rika asigeuzwe kiranja

MWANAFUNZI wa shule ya upili anapopatwa na jambo la aibu kuhusu mwili wake, mara nyingi mtu wa kwanza kumwambia si mzazi wala mwalimu. Humnong'oneza mwenzake bwenini taa zikishazimwa.

Hiyo ndiyo sababu ya kuwa na waelimishaji rika, yaani wanafunzi waliofunzwa masuala ya afya ili wawaelekeze wenzao. Haja ipo. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 kuhusu idadi ya watu na afya ulionyesha kuwa asilimia 15 ya wasichana wa umri wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wamewahi kushika mimba. Katika kaunti ya Samburu, kiwango hicho kilikuwa asilimia 50.

Hata hivyo, dosari huingia pale shule inapowakabidhi viranja jukumu hili kwa hoja kwamba tayari ni viongozi. Kiranja huandika majina ya wakosaji na kuyapeleka kwa naibu wa mwalimu mkuu. Ni nani atakayemfungulia moyo mtu mwenye daftari hilo mkononi?

Uhasama kati ya viranja na wanafunzi si jambo dogo nchini. Mwaka 1999, viranja wanne wa Shule ya Upili ya Nyeri waliuawa wenzao walipoteketeza chumba walimolala. Miaka kumi baadaye, baraza la kitaifa la wanafunzi wa shule za upili liliundwa, na shule zikahimizwa kuwaacha wanafunzi wajichagulie viongozi. Kura ilikuwa hatua njema, lakini haikumwondolea kiongozi lile daftari.

Aidha, mwelimishaji rika lazima ajue mipaka ya siri. Aliyenajisiwa anapaswa kuanza kumeza dawa za kuzuia virusi vya HIV kabla ya saa 72 kupita. Akimweleza mwenzake Ijumaa usiku, naye mwenzake akanyamaza hadi Jumanne, nafasi hiyo imepotea.

Huenda mtu akauliza: je, kumjulisha mwalimu si kuchongea? La hasha. Kiranja hupeleka jina ili mtu aadhibiwe. Mwelimishaji rika humweleza mwenzake tangu mwanzo ni mambo gani hayawezi kufichwa, kisha huandamana naye hadi kwa anayeweza kumsaidia.

Lakini huyo wa kusaidia sharti awepo. Tafiti kuhusu elimu rika zimeonyesha kwamba huongeza maarifa kwa urahisi kuliko inavyobadilisha mienendo. Maarifa bila zahanati ya karibu, au bila mwalimu wa ushauri nasaha mwenye muda na chumba cha faragha, hayamfikishi mtoto mbali. Hata nambari 116 ya kuwasaidia watoto, ambayo hupigwa bila malipo, haina faida kwa mwanafunzi wa bweni asiyeruhusiwa kuwa na simu, ila shule imtengee njia ya kuipiga.

Walimu wakuu wanaweza kuanza bila gharama kubwa. Kila darasa lichague kwa kura ya siri wawili linaowaamini, mvulana na msichana palipo na wote. Wafunzwe, wasipewe kazi yoyote ya nidhamu, na mwalimu wa ushauri nasaha apunguziwe vipindi ili mlango wake uwe wazi wanapobisha.