Uvumi Ukibeba Jina la Mtu

Tangu waasi wa AFC/M23 waikamate Goma, mashariki mwa Congo, mwishoni mwa Januari 2025, kila anayeshika kipaza sauti mjini humu anatiliwa shaka na pande mbili. Wenye kuushika mji wanataka kujua anazungumza na nani upande wa serikali. Kinshasa nayo inataka kujua kwa nini alibaki. Wiki chache kabla ya mji kuanguka, waziri wa sheria wa wakati huo, Constant Mutamba, alitishia adhabu ya kifo kwa yeyote atakayesambaza habari za jeshi la Rwanda na M23, na waandishi wa habari aliwataja. Ndani ya shaka hiyo maneno huzaliana haraka: huyu amenunuliwa, yule anapeleka majina, fulani analipwa dola na wakubwa wa nje. Je, chombo cha habari kina haki ya kuyatangaza maneno hayo kabla hayajathibitishwa, kwa kuwa tu yanawahusu wafanyakazi wa chombo kingine?

Wanaosema kina haki hiyo wana hoja ya kusikilizwa. Redio huwachunguza magavana, makamanda na mashirika ya misaada. Haiwezi kudai yenyewe isichunguzwe. Congo nzima inaijua coupage, zile pesa ambazo mwandishi hupewa na mwenye habari baada ya mkutano, na inajua kwamba zimeota mizizi kwa sababu vituo vingi haviwalipi watu wao, au vinawalipa kidogo mno. Kijana wa mazoezi anayefanyishwa kazi mwaka mzima bila faranga, au msichana anayedaiwa ngono ili apewe kipindi, ana haki ya kusikilizwa na umma. Kuyafunika hayo kwa jina la mshikamano wa taaluma ni kuwalinda wenye nguvu. Yote hayo nayakubali. Ninachokataa ni kulichapa jambo lingali uvumi, na jina la mtu likiwa ndani yake, kwa kisingizio kwamba umma una haki ya kujua. Haki ya umma ni kujua yaliyotokea, na uvumi haujafika hapo.

Kivu na Ituri zimekwisha kuonyesha uzito wa jambo hili. Wakati wa Ebola, kati ya Agosti 2018 na Juni 2020, zaidi ya watu 2,200 walikufa, huku maneno yakizagaa kwamba ugonjwa ni biashara na kwamba wanaouzungumzia wanakula pesa zake. Usiku wa tarehe 2 Novemba 2019, Papy Mahamba, mtangazaji wa redio ya kijamii ya Lwemba katika wilaya ya Mambasa, alivamiwa nyumbani akauawa kwa visu, mkewe akajeruhiwa, nyumba ikachomwa. Alikuwa ametoka kuendesha kipindi kuhusu Ebola. Mtangazaji wa redio ndogo hana mlinzi wala gari la kampuni. Anaishi mtaani na wasikilizaji wake, na wote wanaujua mlango wake.

Hata ng'ambo ya mpaka, Rwanda, funzo lipo. Gazeti la Kangura la Hassan Ngeze, mtu wa Gisenyi, mji unaogusana na Goma, lilichapa majina ya watu likiwaita washirika wa adui. Desemba 2003, mahakama ya kimataifa ya Arusha ilimtia hatiani Ngeze pamoja na viongozi wawili wa redio RTLM. Simfananishi mwandishi mzembe na wachochezi wa mauaji ya kimbari, maana nia zao haziko karibu hata kidogo. Lakini jina likishatangazwa kuwa ni la mtu wa adui, nia ya aliyelitangaza haimlindi mwenye jina.

Wapo wanaojitetea kwamba habari tayari imeenea WhatsApp, kwa hiyo hawaongezi kitu. Wanaongeza jambo kubwa. Mkazi wa Goma anayesikia milio upande wa Sake hufungua redio ili ajue kama anayoyasoma kwenye simu ni ya kweli. Redio ndiyo mizani yake. Siku redio inapoyarudia ya simuni, inayapa uzito ambao hayakuwa nao, na msikilizaji anabaki bila mahali pa kuyapimia.

Wengine huegemea neno “inasemekana”. Neno hilo halimwambii msikilizaji nani kasema, alijuaje, wala anafaidika na nini. Baada ya mwandishi wa habari Serge Maheshe wa Radio Okapi kuuawa Bukavu tarehe 13 Juni 2007, mahakama ya kijeshi iliwahukumu kifo rafiki zake wawili walioshuhudia mauaji, ikitegemea maneno ya watu wawili waliodai kuwa rafiki hao ndio waliowatuma. Wasemaji hao baadaye waliyakana maneno yao, na mwaka 2008 rufani iliwaachia huru rafiki hao. Ikiwa mahakama yenye mafaili na mawakili ilipotoka hivyo kwa kutegemea kauli tupu, mhariri mwenye ujumbe mmoja wa sauti ana sababu zaidi ya kusita.

Je, tuwaachie polisi kazi ya kuuzuia uvumi? Hapana. Sheria za Congo kuhusu habari za uongo ni pana kiasi cha kumnasa yeyote. Mwandishi wa habari Stanis Bujakera alikamatwa Septemba 2023 kwa sababu ya makala ya jarida la Jeune Afrique ambayo hata haikuwa na jina lake, akahukumiwa kifungo cha miezi sita na kuachiwa Machi 2024. Anayetaka serikali iwafunge waenezaji wa uvumi anaipa silaha ya kuwafunga wachunguzi pia. Ndiyo maana kazi hii lazima ifanywe na wanataaluma wenyewe, kwa kanuni za maadili walizojiwekea mwaka 2004 zinazowadai kuthibitisha habari, kuheshimu utu wa mtu na kusahihisha makosa.

Tuhuma za mshahara, rushwa au unyanyasaji ndani ya kituo ziandikwe panapokuwa na karatasi, au mashahidi kadhaa waliosikilizwa kila mmoja peke yake. Mkuu wa kituo atajwe ushahidi ukitosha, kwa kuwa ndiye mwenye madaraka. Mfanyakazi wa chini asitajwe ili tu habari ipate utamu. Mtuhumiwa apewe nafasi ya kujibu, tena kwa njia isiyomweka hatarini, maana simu za Goma zina masikio mengi.

Tuhuma kwamba mtu ni wakala wa upande fulani wa vita zidai ushahidi mzito kuliko zote, kwa sababu hazina masahihisho. Habari ya mshahara ikikosewa, mhariri ataomba radhi kesho yake na aliyechafuliwa ataisikia radhi hiyo. Aliyeitwa msaliti hewani huenda asiifikie kesho hiyo. Kwa hiyo mhariri asiye na ushahidi wa tuhuma kama hiyo aliache jina hilo nje ya taarifa, hata kama kituo cha jirani kimekwisha kulitangaza.