Mnajua Rais Alikula Nini Asubuhi, MCA Wenu Hamumjui

Kura 494. Hizo ndizo zilizomtenganisha Leo Wamuthende wa UDA na Newton Kariuki, yule mnamwita Karish, wa DP, kule Mbeere Kaskazini tarehe 27 Novemba 2025. 15,802 kwa 15,308. Usiku ule simu yangu haikulala. Kila mtu alikuwa amegeuka mchambuzi: huyu anasema serikali imekwisha, yule anasema Mlima umerudi nyumbani, mwingine yuko majuu na hajakanyaga Siakago maisha yake yote lakini ana hesabu za kila kituo.

Sasa swali. Baadaye, eneo bunge hilo hilo, wadi mbili zilichagua MCA pia: Evurore na Muminji. Nani alishinda? Bila Google.

Ndio hiyo. Niliuliza kwa status yangu nikajibiwa na emoji. Msee mmoja akaniuliza Muminji ni nini. Huyo ni msee ambaye alikuwa ameandika posti sita kuhusu uchaguzi huo.

Na mnajua kwa nini wadi hizo zilikuwa zinapiga kura? Karish alikuwa MCA wa Muminji. Duncan Mbui, ambaye pia aligombea ubunge, alikuwa MCA wa Evurore. Katiba, kifungu cha 99, haimruhusu mtu kugombea ubunge akiwa bado ni mwanachama wa bunge la kaunti, kwa hivyo wakaachilia viti. Ni haki yao, sikatai. Lakini angalia venye sisi tulilipokea hilo jambo. Watu wa wadi mbili waliwapa kazi ya miaka mitano mwaka wa 2022, kazi ikaachwa katikati kwa sababu kuna kiti kikubwa kimefunguka, na hakuna hata mtu mmoja kwa timeline yangu aliyekasirika. Tunaona kawaida tu. MCA ni ngazi, mbunge ni ghorofa. Mimi nasema hapo ndipo tunapigwa.

Mnaniambia kwa komenti: "Buda, MCA hana nguvu, kazi yake ni matanga na harambee." Haya. Wewe ni wa Meru kama mimi? Basi tukumbushane.

Bunge la Kaunti ya Meru lina watu 69. 45 tuliwachagua kwa wadi, 24 waliteuliwa kupitia orodha za vyama, hao hata hukuwaona kwa karatasi. Agosti 2022 Kawira Mwangaza aliingia bila chama, akapata zaidi ya kura 209,000, akawaangusha Kiraitu Murungi na Mithika Linturi. Historia. Watu walilia barabarani. Desemba mwaka huo huo, MCA wakapiga kura ya kumng'oa. Seneti ikamrudisha. Oktoba 2023 wakarudi tena. Seneti ikamrudisha tena. Agosti 2024 mara ya tatu, Seneti ikakubali, na Machi 2025 Mahakama Kuu ikasema imekwisha. Naibu wake, Isaac Mutuma, akaapishwa.

Sijali ulikuwa upande gani. Kuna watu nyumbani kwetu hawaongei mpaka leo juu ya hiyo maneno. Mimi naongea hesabu. Ili hoja ya kumng'oa gavana itoke bunge la kaunti inahitaji theluthi mbili ya wanachama wote. Theluthi mbili ya 69 ni 46. Watu 46 wanaweza kusimamisha kile ambacho watu 209,000 walisimama kwa laini kukipigia kura, na Seneti haiwezi hata kuanza kusikiza kesi mpaka hao 46 waseme ndio. Alafu unaniambia hawana nguvu? Wana nguvu kuliko wewe na mimi na wafuasi wangu wote tukiwekwa pamoja. Kama ulifurahi Kawira alipoenda, ni MCA walikupa. Kama ulilia, ni MCA walikuliza. Na wengi wenu, upande wowote, hamkuwa mmeshughulika nao siku ya kura, mlitia alama pale mwisho mwisho kwa sababu ya rangi ya chama au kwa sababu jamaa alibeba maiti ya mtu wenu na gari lake.

Ngoja niwape ingine ya huku kwetu. Mei 2024, Mombasa na Kilifi zilipiga marufuku muguka. Muguka inatoka wapi? Mbeere. Hiyo haikuwa amri ya Rais. Rais mwenyewe alikuwa anaipinga. Ilikuwa uamuzi wa kaunti, na mkulima wa Siakago akaamka soko lake la Pwani limefungwa na watu ambao hakuwachagua, mpaka Mahakama Kuu ya Embu iliposimamisha ile amri. Kaunti inaweza kukutoa chakula mezani ukiwa kilomita mia tano. Unadhani yako, hapo ulipo, haiwezi?

Hospitali ya Level 5 hapo mjini, ni kaunti. Chekechea, kaunti. Vyuo vya ufundi vya vijijini, kaunti. Leseni za pombe, kaunti. Ada ya kuegesha gari, ushuru ambao mama analipa Gakoromone kabla hajauza hata ndizi moja, yote iko kwa Sheria ya Fedha ya kaunti na inapitishwa na MCA. Nimesema Sheria ya Fedha. Hilo neno linawakumbusha kitu?

Juni 2024 sisi ndio tulisoma Mswada wa Fedha ukurasa kwa ukurasa. Watu wakautafsiri kwa lugha za mama, wengine wakaufanya video za dakika moja. Tarehe 25 vijana wakafika Bungeni, na wengine hawakurudi nyumbani. Tarehe 26 mswada ukaondolewa. Kizazi kilichofanya hivyo kinaniambia hakiwezi kusoma mswada wa fedha wa kaunti, ambao ni mfupi zaidi? Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, si mtaalamu wa chochote, na ninausoma nikila mandazi.

Wacha pia nigawe lawama, si vijana peke yao. Ule mkutano wa kuuliza wananchi maoni, wenye katiba inadai, unatangazwa kwa gazeti ambalo hakuna mtu wa umri wangu ananunua, unafanywa siku ya kazi asubuhi, na wanaokuja ni wazee walewale wa kila mwaka. Hiyo haijatokea kwa bahati mbaya. Mtu ambaye hataki uulize swali anachagua saa ambayo uko kazini. TV nazo zinakesha na matokeo ya urais, za wadi zinapita pale chini kwa mstari kama bei ya forodha.

Lakini karatasi ziko. Fomu 36A ndiyo ya MCA, na matokeo yanabandikwa pale kituoni baada ya kuhesabu. 2022 mlipakua fomu 34A usiku kucha mkitafuta makosa. Ile 36A ya kituo chako, nani aliipiga picha?

Kuna mahali Uingereza, wadi ya South Blyth, kaunti ya Northumberland. Mei 2017 wagombea wawili wa udiwani walipata kura 356 kila mmoja. Wakahesabu tena na tena, sare. Mwishowe wakachorewa vijiti, na aliyeshindwa akakosesha chama chake, Conservative, wingi katika baraza lote. Watu 33 kati ya 67, mmoja tu amekosekana. Mtu mmoja South Blyth alibaki nyumbani siku hiyo akaona kura yake ni bure. Labda alikuwa anaangalia simu yake.

2022 vijana wa miaka 18 hadi 34 walikuwa asilimia 39.84 ya wapiga kura milioni 22.1 waliosajiliwa, na idadi yao ilikuwa imeshuka kwa asilimia 5.27 tangu 2017. Tulipungua na tunazaliwa kila siku. IEBC ilifungua usajili tena Septemba 29, 2025. Kura ni tarehe 10 Agosti 2027, karatasi sita, na ile ya MCA huwa haina mtu anakupigia kelele juu yake.

Komenti zako za "mfumo umeoza" nimezisoma, asante. Leo sitaki hizo. Leo andika jina la MCA wako, wadi yako, na kitu kimoja alichopitisha au kukataa tangu 2022. Watu wa Kaaga, nyinyi ndio wa kwanza, na nitajua nani ametoka kuuliza mamake.