Elimu Dhidi ya Utapeli Ifike Mwaloni Wakati wa Mbalamwezi

Kwa Mkuu wa Ofisi ya Kanda ya Ziwa,
Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA),
Mwanza.

Ndugu Mkuu wa Kanda,

YAH: UTAPELI WA UJUMBE NA BARUA PEPE KATIKA BIASHARA YA SAMAKI

Biashara ya dagaa hapa Mwanza inaendeshwa kwa simu. Mzigo unatoka Ukerewe, unashushwa Mwaloni Kirumba, na mnunuzi, pengine yuko Kongo, anatuma fedha kabla hajauona. Ndiyo maana ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" ukimfikia mchuuzi mwenye deni la kweli, hauoni kuwa wa ajabu. Tapeli hajui deni hilo. Anatuma kwa watu wengi, akiamini hatakosa mmoja anayejiandaa kulipa.

Wauza minofu ya sangara nje ya nchi wanaviziwa kwenye barua pepe. Mwandishi anajifanya msambazaji wao, anwani imebadilishwa herufi moja tu, na anadai kwamba akaunti ya benki si ile tena. Ankara ni ya kweli na kiasi ni sahihi, ila fedha zinaelekezwa kwa mwizi.

Kinga ya hila zote mbili ni ile ile: mpigie mhusika kwa namba uliyokuwa nayo tangu zamani, kamwe si ile iliyokuja na ujumbe. Kisha usome jina linalotokea kwenye simu kabla ya kuweka namba ya siri. Anayekuharakisha ndiye wa kusubirishwa.

Mmefanya mengi. Ujumbe wa kitapeli tunautuma 15040, na kwa *106# mtu anaona laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake. Sheria ya Makosa ya Mtandao ipo tangu 2015. Hata hivyo, maarifa haya hayajawafikia wengi wanaolala ziwani na kuamka visiwani.

Tunaomba mambo matatu. Kwanza, mje mialoni siku za mbalamwezi. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mwezi ukiwa mkubwa mitumbwi hupumzika, na wavuvi, wachuuzi na mawakala wa fedha huwa nchi kavu. Viongozi wa vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi (BMU) watawakusanya. Pili, mfundishe kwa ujumbe halisi uliotumwa huku, kila mtu ashike simu yake na aripoti mwenyewe papo hapo. Tatu, taarifa zenu za robo mwaka, ambazo zimekuwa zikiitaja mikoa kama Rukwa na Morogoro kwa wingi wa majaribio ya utapeli, zibandikwe pia mialoni, pamoja na idadi ya namba zilizofungiwa. Mtu akiona ripoti yake imezaa matunda, ataripoti tena.

Mtaji wa mchuuzi ukiibwa, ada za watoto na mkopo wa kikundi vinakwenda nao. Tupangieni tarehe, mialo itawapokea.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mkazi wa Kirumba, Mwanza