Mastaa wa "buku mbili kwa siku", mnatupiga!

Jamani wadau, hawa mastaa wanaotangaza simu za mkopo watuambie ukweli. Staa mkononi kashika iPhone, wewe anakwambia uchukue simu "kwa buku mbili tu kwa siku". Haya piga hesabu: 2,000 mara siku 365 ni 730,000, hapo kianzio bado! Simu hiyohiyo kwa keshi bei gani? Hilo hasemi.

Ukichelewesha rejesho, wanailoki hukohuko waliko. Sasa bodaboda anayepata abiria kwenye apu, simu ikilokiwa hela ya kuifungulia ataitoa wapi?

Kama dili ni tamu hivyo, staa naye aweke iPhone pembeni achukue ya mkopo tumuone. Kabla hujasaini, uliza jumla, siyo ya siku. Au nasema uongo?