Busta bila lebo ni wizi, tuseme wazi

Makamanda, leo naongelea nyanya. Msicheke, hii ni siasa.

Hapa kwetu Mshangano mkulima wa bustani anauziwa "busta" kwenye chupa ya maji ya kunywa. Haina jina la dawa, tarehe ya kuisha wala kipimo. Eti weka vizibo viwili kwenye bomba la lita 16, matunda yatanenepa! Mama yangu aliuziwa hiyo. Nyanya zikaendelea kuoza kitako, hela ikaenda.

Sipingi busta. Boroni ya kupulizia inasaidia maua kushika matunda pale ardhi inapopungukiwa. Jiberelini inanenepesha zabibu zisizo na mbegu. Lakini homoni si mbolea. Mbolea inalisha mmea, homoni inauamrisha, tena kwa kiasi kidogo sana. Ukizidisha oksini, nyanya inavimba nje, ndani tupu.

Na kuoza kitako? Tunda limekosa kalsiamu, mara nyingi kwa sababu leo umemwagilia, kesho umeacha. Kalsiamu inapanda na maji kutoka kwenye mizizi. Ukiipulizia kwenye majani, inabaki hukohuko. Afisa ugani angemweleza mama kwa dakika tano. Yuko wapi?

Wasituambie sheria hakuna. Sheria ya Mbolea ya 2009 ilileta TFRA. Sheria ya Afya ya Mimea ya 2020 ilileta TPHPA. Mwaka 2021 Bunge likafanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria. Sasa kama hukumu inaandikwa kwa Kiswahili, kichupa cha busta kinashindwa nini?

Novemba 2022 serikali ya CCM ilisaini na China makubaliano ya kuuza parachichi letu kule. Safi. Mchina atakaguliwa tunda lake kabla halijapanda meli. Mlaji wa Songea anakaguliwa na nani?

Kwa hiyo tudai. Kwenye mkutano wa mtaa simama, uliza: mara ya mwisho maduka ya pembejeo yamekaguliwa lini, na walikamata nini? Dukani kataa chupa isiyo na lebo wala lakiri, na dai risiti. Bila risiti huna ushahidi, na bila ushahidi hata mimi nikishavaa joho sitakuwa na cha kukutetea nacho.