Ukuta Mweupe au Mwekundu?



Juma lililopita mzee mmoja alifika ofisini kwangu kuchukua cheti cha ubatizo cha mjukuu wake. Cheti alikipata, lakini hakuondoka. Akaniuliza: "Mwanangu karani, wewe ulisomea ualimu. Chumba cha watoto nikipake chokaa, au udongo mwekundu kama atakavyo bibi yao?"

Bibi ana haki yake. Hapa Songea vumbi letu ni jekundu, na mvua zikianza watoto huingia na matope hadi magotini. Ukuta mwekundu huficha hayo, na moshi pia. Tena udongo haununuliwi. Chokaa nayo humpaka mgongoni kila aegemeaye. Kanisani waweza kuwatambua watu wa nyumba moja kwa mashati yao tu.

Mimi nilichagua mwekundu, nami nitakuambia yaliyonipata. Binti yangu wa darasa la sita alikuwa akifunga daftari mapema kila jioni, akisema macho yamechoka. Nilimwita mvivu, tena mbele ya wenzake. Usiku mmoja nikaketi mwenyewe mahali pake, na taa yake ndogo ya sola, nikajaribu kusoma. Sikumaliza ukurasa. Maana ukuta mweupe safi hurudisha mwanga yapata sehemu 8 katika 10. Mwekundu uliokolea hurudisha 2 au 3 tu, nyingine zote huzimeza.

Basi nilipaka chokaa toka usawa wa kiuno hadi juu, na chini nikauacha mwekundu kwa ajili ya migongo na matope. Ndivyo nilivyomshauri yule mzee. Nawe ukitaka kufanya hivyo, kwangua udongo uliolegea, lowesha ukuta, kisha paka nyembamba mara 3, kila mara ungoje ikauke. Chokaa huvuta hewa na kugeuka jiwe polepole. Ukiipaka nene kwa pupa itabanduka kama maganda. Na watoto wakae mbali unapoichanganya, kwani huunguza macho. Ikiruka jichoni, osha papo hapo kwa maji mengi, halafu nenda hospitali.

Binti sasa husoma mpaka mama yake amfukuze kulala. Kwa lile neno nilimwomba radhi, mbele ya wenzake walewale.