Kukoroma Si Aibu ya Bibi Harusi. Aibu Ni Kumfundisha Kuuficha Ugonjwa



Leo nasema jambo ambalo somo halisemi kwenye chumba cha singo. Mwanamke hukoroma. Mwanamke mzuri, mwenye haya, anayenukia udi na asumini, naye hukoroma. Na wako miongoni mwetu wanaokoroma kwa sababu koo linajifunga usingizini. Pumzi inakatika sekunde 10 au zaidi, moyo unahangaika, mwili unashtuka kuitafuta hewa, kisha anarudi kulala na asubuhi hakumbuki kitu. Hali hii inaitwa apnia ya usingizi. Madaktari huhesabu: pumzi ikikatika mara 5 kwa saa, kuna tatizo, ikifika mara 30 kwa saa, tatizo ni kubwa. Alhamdulillah, ina tiba.

Lakini mwali wetu anafundwa nini? Alale baada ya mume, aamke kabla yake, asisikike usiku, asionekane uso usiopambwa. Basi mwenye maradhi haya anajilazimisha kukesha ili asikorome mbele ya mume. Na akipata bahati ya kupimwa na kupewa mashine ya kumsaidia kupumua, anaificha kabatini nyuma ya madera, kwa kuogopa kwamba mwanamke mwenye barakoa usoni si mwanamke tena. Mafundo ya namna hii nayapinga waziwazi.

Nawaelekea hasa dada zangu wa Handeni na Korogwe, na sisi wa visiwani tunaokwenda huko. Sifa ya waganga wa Handeni imeenea nchi nzima. Mtu anaamka usiku akitweta, mkono shingoni, anasema, "Nimekabwa!" Nyumbani anaambiwa ni jinamizi au jini mahaba. Safari inapangwa: boti hadi Dar es Salaam, basi hadi Mkata, kisha kukata kushoto kwenda Handeni. Pesa inatoka, kuku anatafutwa, hirizi inafungwa. Na katika safari yote hiyo hakuna hata mmoja aliyempima presha.

Sina ugomvi na dua. Adhkari za kulala ni sunna na zisiachwe. Kulala ubavu wa kulia ni mafundisho ya Mtume wetu (s.a.w.), na daktari wa leo naye anamwambia mgonjwa wa apnia asilale chali, maana akilala chali ulimi na nyama laini za koo huangukia nyuma na kuziba njia ya hewa. Mtume huyo huyo ametuamrisha tutafute tiba. Ugomvi wangu ni na hirizi inayokalia nafasi ya kipimo. Yupo anayezinduka akili iko macho na mwili haujiwezi kwa muda, na hilo ni jambo jingine. Lakini anayekoroma, akanyamaza kimya, kisha akashtuka kwa kutweta, huyo amekabwa na koo lake mwenyewe. Apelekwe hospitali.

Na asiniambie mtu kwamba wanawake wa upande ule hawawezi kuzoea tiba ngeni. Kinamama wa Korogwe walipeleka watoto wao kwenye majaribio ya chanjo ya malaria ya RTS,S. Katika majaribio makubwa yaliyoanza mwaka 2009, vituo vya Tanzania vilikuwa Korogwe na Bagamoyo, na Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza chanjo hiyo kwa watoto wa Afrika wanaoishi penye malaria nyingi. Imani ile ya kinamama wa Korogwe imefika mbali kuliko maneno yetu ya barazani.

Tena fikirini habari ya chandarua. Kilipoletwa kile cha dawa, watu walinung'unika: kina joto, kinanuka, mtu unalala kama samaki wavuni. Leo ni pambo la chumba cha bibi harusi, cheupe, chenye lesi, kimefungwa utepe. Hakuna mume anayesema mkewe amepungukiwa uanamke kwa sababu analala ndani ya neti. Mashine ya pumzi nayo ni kinga ya kitandani vile vile. Inasukuma hewa ya kawaida kupitia mpira na barakoa ndogo, na hewa hiyo inalishikilia koo lisijifunge. Daktari Colin Sullivan na wenzake wa Sydney, Australia, walitangaza njia hiyo mwaka 1981. Haina dawa ya kulevya, na kuitumia si dalili kwamba mtu anakaribia kufa. Ni chandarua cha koo.

Wengine watasema haya ni maradhi ya wanaume wanene. Hata madaktari waliwahi kudhani hivyo. Mwaka 1993 watafiti wa Wisconsin, Marekani, walichapisha matokeo ya watu wa miaka 30 hadi 60 waliopimwa wakiwa wamelala: pumzi ilikuwa ikikatika kwa wanaume 24 katika kila 100, na kwa wanawake 9 katika kila 100. Wanawake walikuwapo siku zote, ila hawakupimwa. Mkoromo wetu mara nyingi ni wa chini. Dalili zetu huja kwa sura nyingine: uchovu usioisha, kichwa kuuma asubuhi, usingizi wa mang'amung'amu, kuamka kwenda haja ndogo mara kwa mara, hasira na huzuni zisizo na sababu. Mwanamke mwenye hayo huku kwetu anaitwa mvivu. Akisinzia darsani, anaambiwa imani yake dhaifu. Akisinzia jikoni, wifi zake wanacheka. Hakuna anayeuliza analalaje.

Nasi wenyewe tunachangia. Mwali tunamweka ndani, hatembei, analishwa wali wa nazi na maandazi mpaka shingo iwe na mikunjo, kisha tunaisifu. Uzito ni moja ya sababu kubwa za maradhi haya. Si sababu pekee: yupo mwembamba mwenye taya dogo au mafindofindo makubwa, na yupo mwenye tatizo la tezi ya shingo. Lakini kumnenepesha msichana kwa ajili ya picha za siku moja, kisha kumcheka anapokoroma, ni dhulma.

Na msidhani nazungumzia usingizi tu. Apnia isiyotibiwa inafuatana na presha, kisukari, maradhi ya moyo na kiharusi. Wajawazito wenye apnia huonekana zaidi na presha ya mimba, ile ambayo ikiachwa huweza kufikia kifafa cha mimba. Bibi harusi wa leo ni mjamzito wa kesho, Inshaallah. Kungwi anayemwambia asitaje kukoroma kwake anamfundisha kumficha mkunga dalili ambayo mkunga alipaswa kuisikia.

"Lakini mume atamwonaje?" Hilo ndilo swali ninaloulizwa kila mara, na jibu langu ni hili. Mume asiyelala kwa mkoromo anahamia sebuleni, na chumba kilichopambwa kinabaki na mtu mmoja. Mkewe akivaa barakoa ikamkaa sawa, mkoromo unatulia, na mashine za siku hizi sauti yake ni ndogo kuliko feni. Qur'ani imewafananisha mume na mke na vazi kwa mwenzake. Vazi husitiri. Mume anayemcheka mkewe kwa wenzake kwamba analala na mpira usoni amelichana vazi lake mwenyewe. Na wewe dada, mweleze mchumba wako kabla ya nikaha, kupitia walii au shangazi ukiona haya. Anayekimbia kwa ajili ya barakoa angekimbia pia siku ya uchungu wa uzazi.

Kujipamba hakujaharamishwa na mashine. Kaeni kwanza na mume kwa raha zenu. Barakoa ivaliwe wakati wa kulala. Omba ya puani ndogo kama pua yako haizibi, kwa kuwa inaacha uso wazi. Liwa na mafuta vipakwe mapema, kisha uoshe uso kabla ya kuivaa, kwa sababu mafuta huifanya iteleze na kuiharibu. Nywele zilizosukwa zifunge kitambaa laini, mikanda ipite juu yake. Udi fukiza jioni, mashine ikiwa imezimwa, moshi usiingie kwenye kichujio. Asumini weka kando ya mto. Barakoa ioshe kila siku kwa sabuni laini. Na ukienda kupimwa, acha kidole kimoja bila piko wala rangi ya kucha, maana kifaa cha kupima oksijeni kinasoma kupitia kidole na rangi nzito inaweza kukipotosha.

Mwanamke aliyelala usiku mzima anaamka ngozi imetulia, macho maangavu, ana nguvu ya Alfajiri na maneno mazuri kwa mumewe. Nani kati yenu ataniambia huo si urembo?

Najua mashine ina gharama na umeme hukatika. Kipimo chenyewe hakipo zahanati ya kijijini. Lakini hatua ya kwanza haigharimu kama harusi. Nenda Hospitali ya Magunga pale Korogwe, au ile ya Handeni mjini, upimwe presha na sukari, useme kwa kinywa chako: "Nakoroma, pumzi inakatika, naamka nimechoka." Kama kuna anayelala nawe, mama, dada au mume, aje aseme alichokisikia. Omba rufaa kwa bingwa wa koo au wa kifua. Ukisubiri, lala ubavu, punguza uzito, na usimeze vidonge vya usingizi bila daktari, maana vinaweza kulilegeza koo zaidi. Kwa maradhi yasiyo makali, wapo wanaosaidiwa na kifaa cha mdomoni kinachosogeza taya la chini mbele. Na kuhusu pesa, tunachangishana ukumbi, sare, mpambaji na keki. Siku tutakayochangia pumzi ya bibi harusi kama tunavyochangia gauni lake, kisingizio cha gharama kitapungua sana.

Makungwi, mashangazi na masomo wa Unguja, Pemba, Handeni na Korogwe, nawaomba neno moja liongezwe kwenye mafundo yenu. Mkimaliza ya jikoni na ya chumbani, mwulizeni mwali: "Unalalaje, mwanangu?" Akisema anakoroma, msicheke wala msimwekee siri. Mshikeni mkono mwende naye hospitali kabla ya siku ya hina. Mwili ni amana ya Mwenyezi Mungu, na pumzi ndiyo ya mwanzo katika amana hiyo.

Wabillahi tawfiq.